Kupima mwendo wa sakafu ya bahari kwa sauti

Tetemeko la Tohoku, Japani, la tarehe 11 Machi 2011 lilisogeza rasi ya Oshika zaidi ya mita 5. Nje baharini, karibu na juu ya kitovu, Walinzi wa Pwani walikuta vifaa vyao vya sakafuni vimehama mita 24 na kuinuka kama 3. GPS ya nchi kavu peke yake ingetupa picha ya pembeni tu.

Mawimbi ya redio hayapenyi maji, basi meli ndiyo inayounganisha. GPS huonyesha antena ilipo, na sauti hupima kutoka chini ya meli hadi sakafuni. Tunatega sakafuni transponda (vifaa vinavyojibu mlio) tatu au nne kwa duara, nusu kipenyo chake kikikaribiana na kina cha maji. Meli hutuma mlio wa takriban kilohezi 10, transponda huujibu, nasi tunapima muda wa kwenda na kurudi. Milio inahitajika mamia, tena kutoka pande zote.

Kazi ngumu iko kwenye kasi ya sauti. Ni kama mita 1,500 kwa sekunde, lakini nyuzi 1 tu ya joto huibadilisha kwa mita 3 hadi 4. Ukikosea nyuzi 0.1 katika kina chote cha mita 3,000, umbali unapotea zaidi ya nusu mita, ilhali tunatafuta sentimita! Kupima joto na chumvi mara moja asubuhi hakutoshi, maana maji ya juu hubadilika kila saa. Kinachotuokoa ni ulinganifu: meli ikiwa katikati ya duara, kosa hilo hurefusha au kufupisha njia zote sawasawa, kwa hiyo mahali pa mlalo hapaharibiki sana. Kimo ndicho kinachoumia.

Usisahau mlingoti unaobeba antena. Antena ikiwa mita 10 juu ya kitoa mlio, kosa la nyuzi 0.1 katika kupima mwinamo wa meli huleta karibu sentimita 2.

Vipimo hivi havipigi king'ora cha tsunami. Huonyesha, mwaka hadi mwaka, mabamba ya ardhi yalikokwama. King'ora hutegemea kwanza vipima tetemeko, kisha vipima shinikizo vya sakafuni, na hivi vya shinikizo vina kasoro yao: pale tetemeko linapoinua sakafu, maji ya juu yake huinuka nayo, na shinikizo mwanzoni halionyeshi badiliko kubwa.