Urembo Unaobomoa Bwawa: Mambo ya Kuangalia kwenye Bwawa Dogo la Burudani

Wenye mabwawa madogo ya kuvulia samaki, kuogelea na kupiga makasia hutuuliza sana sisi wahandisi: tuta hili litadumu miaka mingapi? Nasi huwajibu kwa swali: tangu ulichukue, umeongeza nini? Mengi ya mabwawa haya tunayoyakuta katika hali mbaya hayakutelekezwa. Yamerembeshwa. Mwenyewe amepanda miti ya kivuli juu ya tuta, ameziba njia ya maji ya ziada ili ziwa lionekane pana, ameweka wavu samaki wasitoroke, kisha akapitisha barabara ya wageni juu ya yote hayo.

Tarehe 31 Mei 1889, bwawa la South Fork huko Pennsylvania, Marekani, lilipasuka baada ya mvua kubwa, na maji yake yakaukumba mji wa Johnstown. Zaidi ya watu 2,200 walikufa. Lilikuwa mali ya klabu ya matajiri waliokwenda huko kuvua na kupumzika. Kilele cha tuta kilikuwa kimeshushwa ili njia ya juu yake ipanuke. Kwenye utoro, yaani njia ya kutolea maji ya ziada, paliwekwa wavu wa kuzuia samaki, nao siku ya gharika ukanasa matawi na takataka. Mabomba ya chini ya kushushia maji yalikuwa yameng'olewa na mmiliki wa awali, na klabu haikuyarudisha. Hakuna hata moja kati ya hayo lililofanywa kwa nia mbaya. Kila moja lilimfaa mtu fulani kwa siku za kawaida.

South Fork lilikuwa na kimo cha mita 22 hivi, kwa hiyo mwenye bwawa la mita 6 anaweza kudhani hadithi hiyo haimhusu. Kwa vipimo vya kimataifa bwawa huanza kuitwa kubwa likifika kimo cha mita 15, au likiwa na mita 5 hadi 15 na kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo milioni 3. Lakini bwawa la Kelly Barnes, katika jimbo la Georgia, Marekani, halikufika hata mita 12. Liliacha kuzalisha umeme mwaka 1957, likabaki la burudani, na usiku wa kuamkia tarehe 6 Novemba 1977 likapasuka na kuua watu 39 waliokuwa wamelala bondeni. Hatari ya bwawa hupimwa zaidi kwa kuangalia nani anakaa chini yake.

Turudi kwenye utoro, maana hapo ndipo tuta la udongo hufa au kupona. Tuta la udongo halijengwi ili maji yapite juu yake. Yakipita, huanza kumega upande mkavu kuanzia chini, shimo likapanda kuelekea kilele, na baada ya muda mfupi pengo limekamilika. Kazi ya utoro ni kuhakikisha hilo halitokei hata kwa mvua ambayo mwenye bwawa hajawahi kuiona. Basi mtu anapopigilia mbao kwenye utoro ili kina kiongezeke nusu mita, anafanya nini hasa? Tuseme utoro ulikuwa na nafasi ya mita 1 kutoka sakafu yake hadi kilele cha tuta. Kwa kina hicho, kila mita moja ya upana ilipitisha takriban mita za ujazo 1.7 kwa sekunde. Nafasi ikibaki nusu mita, hupita 0.6 tu. Mbao zimechukua nusu ya kina, lakini zimeondoka na karibu theluthi mbili ya uwezo wa kutoa maji. Na mbao hizo haziondoki usiku wa mvua: maji huzikandamiza, na hakuna mtu mwenye akili atakayeingia kwenye mkondo ule kuzing'oa.

Wavu wa samaki ni tatizo lilelile kwa sura nyingine. Kama ni lazima samaki wazuiwe, kizuizi kiwe cha fito zilizoachana vya kutosha majani yapite, kisimame mbali kidogo mbele ya mdomo wa utoro, na pawe na mtu mwenye jukumu la kukisafisha kabla ya mvua na wakati wa mvua. Binafsi ningeshauri samaki wachache wapotee.

Miti nayo huleta ubishi kuliko jambo lolote. Watu huamini mizizi hushika udongo, na ni kweli, mlimani. Kwenye tuta, mzizi hutafuta maji, na maji yako upande wa pili. Mti ukifa, mzizi huoza na kuacha mfereji tayari ndani ya tuta. Upepo ukiuangusha mti mkubwa, unang'oka na bonge la udongo. Kinachofaa ni nyasi fupi zenye mizizi mingi, na ukanda usio na miti wa angalau mita 5 hadi 8 kutoka kitako cha tuta. Mche ung'olewe ukiwa bado mche. Lakini kama mti umeshakuwa mkubwa, usiukate kwa haraka baada ya kusoma haya. Kisiki kinachooza ndani kina hatari yake, hivyo mhandisi aangalie kwanza, pengine maji yashushwe, mizizi itolewe, na shimo lijazwe udongo unaofaa ulioshindiliwa tabaka kwa tabaka.

Nyasi fupi zina faida nyingine: unaona. Kwenye kichaka cha kimo cha mtu huwezi kuona shimo la panya, kichuguu, ufa, wala sehemu iliyobonyea. Kila wiki mbili hivi, na baada ya kila mvua kubwa, pita kilele chote kisha pita kitako chote. Ukiwa kileleni, tazama mstari wake kutoka ncha hadi ncha, kwa kuwa sehemu iliyozama huonekana mapema kwa jicho linalofuata mstari. Ufa unaokwenda sambamba na tuta waweza kuwa dalili ya mteremko unaoanza kuporomoka, na unaolikata tuta kutoka upande wa maji hadi upande mkavu ni mbaya zaidi kwa sababu unayafungulia maji njia. Upande wa maji, angalia kama mawimbi ya boti yanakula ukingo. Mawe yaliyopangwa hutibu hilo, na kupunguza mwendo wa boti hutibu kwa gharama ndogo zaidi.

Kisha kuna maji yanayovuja. Tuta la udongo linavuja, na hilo peke yake si ugonjwa. La kuangaliwa ni kama yanaongezeka na yana rangi gani. Maji safi yanayotoka pale pale kwa kiasi kile kile yanavumilika. Yapime kwa ndoo na saa, uandike tarehe, kiasi, kina cha bwawa siku hiyo na kama ilinyesha. Yakiwa na tope, maana yake yanabeba udongo wa ndani ya tuta, na tundu linachimbwa kutoka upande mkavu kurudi kwenye maji. Hapo mpigie mhandisi siku hiyo hiyo, na walio bondeni wajulishwe. Kosa la kawaida ni kuziba tundu kwa zege au udongo wa mfinyanzi. Maji yakizibwa yanapotokea hujenga shinikizo ndani na kutafuta mahali pengine pa kutokea, pengine usipopaona. Dharura ikikubana, weka tabaka la mchanga, juu yake kokoto, juu yake mawe. Maji yanapita, udongo unabaki. Viroba vya mchanga vinaweza pia kuzungushwa mahali maji yanapobubujika ili kina cha maji kiongezeke kidogo hapo na kasi ipungue.

Kuhusu waogeleaji nitasema machache, ila moja halifahamiki vya kutosha. Mdomo wa bomba la chini ni mtego. Bomba la upana wa sentimita 60 lililo mita 3 chini ya uso wa maji, likiwa tupu upande wa pili, linamvuta aliyeufunika mdomo huo wa bomba kwa nguvu inayolingana na uzito wa zaidi ya kilo 800. Hakuna mpiga mbizi wa kumvuta mtu huyo. Koki ya bomba hilo isifunguliwe kamwe watu wakiwa majini, na eneo la bomba na la utoro liwekewe maboya na kamba, pamoja na bango linaloeleza sababu, kwa kuwa bango linalosema "Hatari" tu halisomwi na mtu.

Koki yenyewe ifunguliwe na kufungwa angalau mara moja kwa mwaka, la sivyo siku unapoihitaji itakuwa imeganda kwa kutu. Na siku hiyo ikifika, bila dharura, usishushe maji kwa pupa. Udongo wa upande wa maji umelowa na umezoea kuegemewa. Maji yakiondoka haraka, unabaki mzito bila kitu cha kuuegemeza, nao huteleza kuingia bwawani. Sentimita 30 kwa siku ni kikomo cha kawaida, na kwa tuta la mfinyanzi iwe chini ya hapo. Bwawa likishashuka, usiharakishe kulijaza tena: huo ndio wakati pekee utakaouona mdomo wa bomba, sehemu ya chini ya mawe yaliyopangwa na kiasi cha tope lililojaa.