Mgonjwa Anatumia Tumbaku: Mhudumu wa Afya Amsaidieje?

Maswali haya ni ya wauguzi, matabibu na wahudumu wa afya ya jamii, Unguja na Pemba, ambao kila siku huwapokea wavutaji waliokuja kutibiwa jambo jingine.

Mgonjwa kaja kwa presha. Sigara yake inanihusu nini?

Inakuhusu sana. Sigara huharibu mishipa ileile ya damu unayojaribu kuinusuru kwa dawa za presha. Mwenye kisukari anayevuta, kidonda chake cha mguu huchelewa kupona. Na hatari ya mvutaji kuugua kifua kikuu ni kama mara mbili ya asiyevuta. Basi kila mtu mzima aulizwe, kila anapokuja, na jibu liandikwe kwenye kadi yake.

Niulizeje bila kumuudhi?

Ukiuliza "unavuta?" tu, bibi anayetia tumbaku kwenye tambuu atakwambia "sivuti", na atakuwa amesema kweli. Tumbaku hiyo inaleta saratani ya kinywa. Muulize hivi: "Bibi, shikamoo. Unatumia tumbaku yoyote, ya tambuu, ugoro, sigara au shisha?" Kwa mjamzito, uliza pia nani anavuta ndani ya nyumba.

Nimemwambia mara nyingi aache, haachi. Nifanye nini zaidi?

Hapa ndipo wengi wetu tunapoishia, na ndipo msaada unapopaswa kuanza. Mtu anajua sigara ni mbaya. Asichokijua ni namna ya kutoka. Nikotini, kitu cha uraibu kilichomo ndani ya tumbaku, hufika kwenye ubongo sekunde chache tu baada ya kuvuta, na ubongo ukishaizoea huidai. Anayeacha hupata arosto: hasira za bure, usingizi kupaa, njaa, kushindwa kutulia. Siku chache za mwanzo ndizo kali, kisha hali hupoa ndani ya wiki mbili hadi nne. Asipoelezwa haya mapema, atadhani anaumwa na sigara ndiyo dawa.

Muulize anawasha ya kwanza saa ngapi. Anayewasha ndani ya nusu saa baada ya kuamka ana uraibu mzito, na huyo anahitaji msaada mkubwa zaidi. Kisha muulize kama yuko tayari. Kama yuko tayari, pangeni siku maalumu ya kuacha, karibu iwezekanavyo, na mtaje mtu wa nyumbani atakayemuunga mkono. Kama bado, usimgombeze. Mwambie mlango uko wazi, na umuulize tena akija.

Msisahau baraza. Kwa wanaume wengi wa hapa sigara na kahawa chungu huenda pamoja. Moshi wa sigara huufanya mwili uondoe kafeini haraka. Akiacha, vikombe vilevile humpiga kwa nguvu zaidi, moyo ukaenda mbio na usingizi ukakimbia. Apunguze kahawa, na wiki za mwanzo akae na wasiovuta. Kwa sababu hiyohiyo ya moshi, anayetumia aminofilini ya pumu, au klozapini na olanzapini za maradhi ya akili, daktari aangalie upya dozi yake.

Ramadhani inasaidia?

Inasaidia, tukiitumia vizuri. Mfungaji wetu hukaa saa 13 hivi bila sigara. Mwoneshe hilo, wengi hawajawahi kulihesabu kuwa ni uwezo wao wenyewe. Tatizo ni usiku: akishawasha baada ya futari, ubongo hupata ulichokuwa unakidai, na kesho arosto huanza upya. Kwa hiyo zungumza naye tangu Shaaban, tarehe ya kuacha iwe mwezi mosi Ramadhani, na mipango yote iwe juu ya muda wa baina ya magharibi na daku. Afuturu, apige mswaki, atoke na wasiovuta kwenda kuswali tarawehe.

Dawa zipo?

Zipo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa tiba ya kuacha tumbaku mwaka 2024, na dawa zinazotajwa humo ni vereniklini, bupropioni, sitisini, na nikotini ya tiba kama vibandiko na chingamu. Bupropioni haifai kwa mwenye kifafa. Chingamu ya nikotini haitafunwi mfululizo kama nyingine: hutafunwa taratibu mpaka iwashe, ikawekwa baina ya shavu na ufizi, na robo saa kabla yake mtu asinywe kahawa wala juisi ya ndimu.

Kituo kikikosa dawa, ushauri bado una nguvu. Mwongozo huohuo unataka kila mtumiaji apewe ushauri wa nusu dakika hadi dakika tatu, hata kwenye foleni ndefu.

Akirudia?

Wengi hurudia kabla hawajaacha moja kwa moja. Usimwambie "si nilikwambia". Muulize ilikuwa wapi, na nani, saa ngapi, kisha mpange upya kwa kuanzia hapo. Mpigie simu ndani ya wiki ya kwanza, na tena baada ya mwezi. Ukiwa humpati kwa simu, mhudumu wa afya ya jamii wa shehia yake anaweza kumpitia nyumbani.