Je, wajua kwa nini saratani ya mfupa huandama goti la kijana anayerefuka?

Pemba, kijana akirudi uwanjani na goti lililovimba, cha kwanza ni mafuta ya makonyo ya karafuu na mkandaji. Mara nyingi hapo huwa pametosha, maana goti limeteguka tu. Lakini upo uvimbe mmoja, wa nadra, ambao haukuletwa na mpira: osteosakoma, saratani ya mfupa inayowapata zaidi watoto na vijana wa miaka 10 hadi 19. Karibu nusu yake au zaidi huota jirani na goti.

Kwa nini pale? Kwa sababu ndipo mguu unaporefukia. Ncha ya chini ya mfupa wa paja na ncha ya juu ya muundi zina tabaka la gegedu ambalo wakati wa kubalehe seli zake, na zile zinazojenga mfupa jirani nalo, hugawanyika kwa kasi kubwa. Kila seli ikigawanyika hunakili vinasaba vyake vyote, herufi kama bilioni 6, na kama mwanafunzi wa chuoni anayenakili ubao mbio mbio, makosa hayakosi. Jeni, yaani sehemu ya vinasaba yenye kazi yake, iitwayo TP53 huisimamisha seli yenye makosa, au huiamuru ife. Nyingine, RB1, huizuia isigawanyike ovyo. Katika osteosakoma mara nyingi mojawapo imeharibika, au zote mbili. Ndiyo maana mtoto aliyerithi RB1 mbovu, ile inayoleta saratani ya jicho utotoni, huwa hatarini kupata na hii ya mfupa akikua.

Pigo la mpira humfanya mtu alitazame goti tu, uvimbe ulikuwepo. Kinachonitia hofu ni maumivu yanayomwamsha kijana usiku, na uvimbe unaozidi wiki baada ya wiki. Hapo makonyo yawekwe kando, mguu upigwe picha. Mfupa ulioliwa na saratani huvunjika kirahisi, haufai kukandwa.

Iko nyingine ya vijana, sakoma ya Ewing. Mwaka 1992 watafiti wa Paris walionesha kwamba kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba) ya 11 na ya 22 zinapobadilishana vipande, jeni mbili huungana na kuwa moja inayoamsha jeni zilizopaswa kulala. Ajabu yake, ni nadra mno kwa watu wenye asili ya Afrika, hata waliozaliwa Marekani. Sehemu ya sababu inaonekana kuwa katika vipande vya vinasaba vinavyojirudia, ambavyo protini ya jeni hiyo iliyoungana hujishikiza kwavyo. Urefu wa vipande hivyo hutofautiana kati ya watu wa asili mbalimbali.

Osteosakoma haina alama moja ya namna hiyo. Kila uvimbe huwa umevuruga kromosomu kwa njia yake, kwa hiyo dawa ya kulenga shabaha moja imekuwa ngumu kupatikana. Anayevuka bahari kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, hufuata tiba ambayo nguzo zake, doksorubisini na sisplatini, zinatumika tangu miaka ya 1980 au kabla. Hata hivyo zinaokoa. Zamani, kwa kukatwa mguu peke yake, alipona kama mmoja kati ya watano. Leo, ugonjwa ukikutwa haujasambaa na tiba ikakamilika, hupona zaidi ya nusu.