Kwa nini mifupa ya mwili huitwa "skeleton" kwa Kiingereza?

Kiswahili kina kiunzi cha mifupa. Kiunzi ni jina la kazi, limetoka kwenye kuunda: kitu cha ndani kinachoshikilia umbo. Kiingereza kina skeleton, na neno hilo halitaji kuunda wala mfupa. Asili yake ni Kigiriki, skeletos, yaani kilichokaushwa. Wagiriki waliliita hivyo hata umbo la maiti iliyokauka. Waingereza wakalipokea katika karne ya 16.

Kusema kweli, jina hilo linausingizia mfupa. Mfupa wa mtu aliye hai una maji na mishipa ya damu, na kwenye uboho ndiko zinakotengenezwa chembe nyekundu za damu. Ukavu ni wa mabaki tu.

Lakini matumizi mengine ya neno hili yamefuata wazo lilelile la kitu kilichopunguzwa hadi kikabaki cha lazima. Wafanyakazi wachache wanaoachwa kazini siku ya sikukuu ni skeleton staff. Mfano ninaoupenda zaidi ni skeleton key. Ufunguo wa kizamani una ulimi wenye mapengo, na mapengo hayo hupita kwenye vizuizi vilivyomo ndani ya kitasa. Kila kitasa na vizuizi vyake. Sasa shika tupa, uukwangue ulimi hadi kibaki kipande kinachosukuma komeo peke yake: hauna tena pa kukwama, na utafungua vitasa vingi vya aina hiyo.

Ukisikia mtu ana skeleton kabatini, usiite polisi. Ana siri ya aibu.

Halafu kuna skeleton wa karamuni, yaani mtu anayewatia wenzake simanzi penye furaha. Msemo huo unarudi Misri ya kale. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki wa kale, aliandika kwamba katika karamu za matajiri, watu wakishakula, mtu mmoja alizunguka na sanamu ya maiti iliyochongwa kwa mti, imelazwa jenezani, akimwonyesha kila mgeni: itazame hii, unywe na ufurahi, maana ukifa utakuwa hivi. Kumbe skeleton huyo aliletwa kuwachangamsha!