Ruhusa ya kuendesha faili kati ya Windows na Linux

Mtu yuko Dodoma na laptopu yenye Windows. Ameandika skripti (faili la amri) ya kujumlisha mavuno ya zabibu, zabibu.sh, na kwenye Git Bash, dirisha la amri za mtindo wa Linux ndani ya Windows, inakwenda vizuri. Akiifikisha kwenye seva ya Linux anajibiwa: Permission denied. Hesabu zake hazina kosa. Faili halina ruhusa ya kuendeshwa.

Kwenye Linux na macOS, kila faili hubeba ruhusa za mwenyewe, za kundi lake na za watu wengine. Kusoma (r) ni 4, kuandika (w) ni 2, kuendesha (x) ni 1. Kwa hiyo 755 humpa mwenyewe zote tatu, 4+2+1, na kundi na wengine 4+1 kila mmoja. Faili la 644 halina x hata moja, ndiyo maana ./zabibu.sh inagoma. Windows haina x ya namna hiyo: huitambua programu kwa mwisho wa jina, kama .exe au .bat. Git Bash nayo hutazama mstari wa kwanza, ikiona #! huihesabu skripti kuwa ya kuendeshwa, na hapo ndipo watu wanapodanganyika.

Git, mfumo wa kutunza matoleo ya mafaili, huweka hali mbili tu za faili la kawaida, 100644 na 100755; tarakimu tatu za mwisho ni zile ruhusa. Kwenye Windows huwa imewekwa core.fileMode=false, yaani Git isijali x ya faili, kwa hiyo chmod +x (amri ya kuongeza x) ya pale haiandikwi popote. Iambie Git yenyewe:

git update-index --chmod=+x zabibu.sh

Kwa faili jipya tumia git add --chmod=+x zabibu.sh. Kisha fanya komiti (hifadhi badiliko kwenye Git), na uhakiki kwa git ls-files -s zabibu.sh, mstari uanze na 100755. Tafadhali usiishie kupiga chmod kwenye seva. Itafanya kazi leo, lakini atakayeikloni upya (kuinakili kutoka Git) kesho atapata 644 ileile.

Ukishapata x, huenda likaja kosa la bad interpreter lenye ^M. Hiyo si ruhusa tena, ni mwisho wa mistari wa Windows. Weka *.sh text eol=lf ndani ya .gitattributes, faili la maagizo ya Git kuhusu mafaili.

Flashi ya FAT32 au exFAT haihifadhi ruhusa hizi kabisa. Kati ya Linux na Linux, funga mafaili kwa tar kwanza, amri inayoyaweka ndani ya faili moja pamoja na ruhusa zake, ndipo uyaweke kwenye flashi.