Kwa nini Atlantiki huchafuka mwaka huu na kutulia mwaka ujao?

Tarehe 14 Agosti 1992 kundi la mawingu ya mvua lilitoka pwani ya Afrika Magharibi na kuingia baharini. Hakuna aliyeshtuka, maana majira yale mawingu ya namna hiyo hupita pale kila baada ya siku tatu au nne. Siku kumi baadaye, alfajiri, mawingu yale yale yalikuwa kimbunga cha daraja la 5, la juu kabisa, kikiingia jimbo la Florida, Marekani, kusini mwa Miami, na makumi ya maelfu ya nyumba zikabaki vifusi. Kimbunga hicho kilipewa jina la Andrew. Majina hutolewa kwa kufuata alfabeti, na Andrew inaanza na A: ndiyo kwanza jina la kwanza la mwaka linatumika, na Agosti imeshavuka nusu. Mpaka msimu unafungwa, yalitumika majina sita tu.

Sasa tazama 2020. Dhoruba zilifika 30, orodha ya majina ikaisha, wakaazima herufi za Kigiriki. Kwa wastani wa miaka ya 1991 hadi 2020, Atlantiki hupata dhoruba 14 zenye majina kwa mwaka, na 7 kati yake hufikia kuwa vimbunga kamili. Bahari ni moja, na msimu ni ule ule wa 1 Juni hadi 30 Novemba. Tofauti hiyo inatoka wapi?

Jibu la haraka ni joto la maji, na si uongo. Kimbunga hula mvuke. Bahari ikifika nyuzijoto 26.5 hivi za Selsiasi, tena si juujuu tu bali kwenda chini makumi ya mita, mvuke mwingi hupanda. Ukifika juu hupoa na kuwa matone, na hapo huachia joto lote uliloondoka nalo baharini. Aliyewahi kufunua sufuria ya wali kwa pupa anajua mvuke hubeba moto kiasi gani. Joto hilo huisukuma hewa ipande zaidi, chini pakabaki pengo, na hewa nyingine yenye unyevu hukimbilia kuliziba. Mzunguko wa dunia ndio huipinda hewa hiyo ianze kuzunguka, jambo ambalo karibu kabisa na ikweta halifanyiki. Ndiyo maana Mombasa, iliyo nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, si njia ya vimbunga, ilhali Mafia, karibu nyuzi 8, ilipigiwa hodi na kimbunga Hidaya Mei 2024, kikiwa tayari kimedhoofika. Watu wa Atlantiki husema harikeni na wa Bahari ya Hindi husema saikloni. Sisi kwetu vyote ni vimbunga, na kwa kweli ni kitu kimoja.

Ila joto pekee halimalizi habari. Mwaka 2013 wataalamu walitabiri msimu mkali. Maji yalikuwa na joto la kutosha, dhoruba 13 zikapata majina, lakini vimbunga vilikuwa 2 tu, vyote vya daraja la 1. Hewa ilikuwa kavu mno.

Kwanza lazima pawe na mbegu, na mbegu nyingi hutoka Afrika. Wakati wa kiangazi cha kaskazini, Sahara huwaka kama kikaango huku Ghuba ya Guinea ikiwa na ubaridi. Tofauti hiyo huzaa mkondo wa upepo unaokimbia kutoka mashariki kwenda magharibi, kilomita tatu hivi juu ya ardhi. Mkondo huo haunyooki. Huyumba kama kamba inayotikiswa, na kila mpindo hukusanya mawingu na radi. Baadhi ya mipindo hiyo huanzia mbali sana, upande wa Sudan na nyanda za juu za Ethiopia. Kwa mwaka hupita kama 60 hivi. Nyingi hufia njiani, lakini vimbunga vikubwa vya Atlantiki, kwa sehemu kubwa, ukivifuatilia nyuma utaishia Afrika.

Kinachoziua mbegu hizo mara nyingi ni upepo wa juu. Washa jiko la mkaa uwanjani siku tulivu, moshi utapanda wima kama mnazi. Upepo ukija kwa juu, moshi hukatwa na kusambaa. Kimbunga nacho ni mnara wa hewa wenye kimo cha zaidi ya kilomita kumi. Upepo wa chini ukivuma huku na wa juu kule, mnara huinama, joto lake hutawanyika na kimbunga hukata roho. Andrew mwenyewe nusura aishie hivyo: tarehe 20 Agosti upepo wa juu ulikuwa umemchana kiasi kwamba alikuwa karibu kutoweka. Kisha upepo ule ulilegea. Siku tatu baadaye alikuwa daraja la 5.

Hapa ndipo anapoingia mtu tunayemfahamu vizuri Afrika Mashariki: El Nino. Maji ya Pasifiki kuelekea Peru yakipata joto lisilo la kawaida, mawingu makubwa huhamia huko. Hewa inayopanda pale humwagika angani kuelekea mashariki na kuutia nguvu upepo wa magharibi unaopita juu ya Karibi, wakati upepo wa chini unatoka mashariki. Huo ni mkasi kamili. Uhusiano huu ulielezwa na William Gray wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, ambaye mwaka 1984 alianza kuutumia kutabiri misimu. La Nina, yaani maji yale yale yakipoa kuliko kawaida, hufanya kinyume: mkasi hufunguka.

Agosti nzima ya 1997 haikuzaliwa dhoruba hata moja Atlantiki. Miezi michache baadaye El Nino ile ile ilileta kwetu mvua ambazo wazee bado wanazitaja kwa jina, na homa ya Bonde la Ufa ikaua watu na mifugo kaskazini mashariki mwa Kenya. Kilichowapumzisha wao ndicho kilichotuzamisha sisi.

Mnamo 2023 kanuni hiyo iliyumba. El Nino ilikuwepo, tena yenye nguvu, lakini Atlantiki ilikuwa na joto la rekodi, na dhoruba 19 zikapata majina. Safari hiyo joto lilimshinda mkasi.

Kuna pia vumbi la Sahara, ambalo huvuka bahari likiwa ndani ya hewa ya moto na kavu. Mwezi Juni na Julai hewa hiyo huzinyima mbegu unyevu. Likipungua Agosti, na bahari nayo ikiwa imeshapata joto la miezi mizima ya jua, kilele cha msimu huangukia karibu na tarehe 10 Septemba.

Mwaka 2024 uliwachanganya hata wazoefu. Beryl alifikia daraja la 5 mapema Julai, jambo lisilowahi kurekodiwa mapema hivyo katika msimu. Watu wakajiandaa kwa balaa. Halafu kuanzia tarehe 20 Agosti hadi karibu tarehe 9 Septemba, kipindi ambacho dhoruba kwa kawaida hupishana, kukawa kimya. Maji yalikuwa ya moto. Ila mvua za Afrika Magharibi zilikuwa zimepanda kaskazini kupita kawaida, hadi jangwani, na mbegu zilitokea baharini kaskazini mno, penye hewa kavu na maji yenye ubaridi. Baadhi ya watu walianza kusema utabiri umebuma. Usiku wa tarehe 26 Septemba Helene alipiga Florida, akaenda kumwaga mvua milimani huko North Carolina, na watu zaidi ya 200 wakafa. Milton alifuata tarehe 9 Oktoba.