Eti sukuma wiki changa haishikwi na ugonjwa wa ukungu?

Hapa Bahati, Nakuru, mvua ya masika ikianza utasikia: "Yangu bado changa, ukungu utaipatia wapi?" Hata mimi niliamini hivyo, mpaka kitalu changu kikanifunza. Jioni niliacha miche imesimama, majani mawili mawili. Asubuhi kiraka cha upana wa karai kilikuwa kimelala chini. Nikang'oa mmoja: juu kijani kabisa, ila pale shina linapotokea udongoni pamenywea kama uzi uliolowa, pamekuwa kahawia.

Hicho ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaoangusha miche, na chenyewe kinapenda wachanga. Vimelea vyake, kama Pythium na Rhizoctonia, hukaa udongoni vikingojea unyevu. Shina likishakomaa na kukakamaa, mara nyingi haviliwezi. Mimi nilikuwa nimevikaribisha mwenyewe: mbegu nilizimwaga kwa fujo, halafu kila jioni nikazimwagilia maji, kitalu kikalala kimelowa.

Basi mche ukivuka hapo, watu hudhani umeshapona. Hapa ndipo wengi tunapotea, kwa sababu umri wa mmea si umri wa jani. Sukuma ya miezi minne imebeba majani ya kila rika kwenye shina moja. Madoa ya ukungu uitwao Alternaria, yale ya pete ndani ya pete, kwa kawaida huanzia majani ya chini. Hayo yamezeeka, nguvu imeisha, umande hauyatoki upesi, na matone ya mvua huyarushia uchafu wa udongoni. Nasi tunachuma yale mazuri ya juu yake, ya manjano tunayaacha "yalinde shina". Yalinde nini? Hapo umefuga ukungu. Yatoe, uyafukie mbali na shamba.

Spinachi yetu (ambayo kwa ukoo ni bitruti) ni vivyo hivyo: vidoa vya kijivu vyenye ukingo mwekundu huanzia majani makuukuu.

Ubwiri unyoya, ugonjwa mwingine wa majani, wenyewe haujali sana rika. Unaweza kushika hata majani ya kwanza ya mche, kwa hiyo geuza jani asubuhi utazame kama kuna manyoya meupe upande wa chini.

Na si kila umanjano ni ukungu. Jani likikauka kuanzia ukingoni kwa umbo la V, mishipa ikawa myeusi, hao ni bakteria. Dawa ya ukungu ya kawaida haitaliponya, hata muuzaji akikuuzia chupa mbili.